Emil Nolde: Mjadala juu ya Mchoraji Aliyekataliwa na Aliowashangilia

Katika historia ya sanaa ya Ujerumani ya karne ya 20, Emil Nolde anaingia katika orodha mbili ambazo kwa kawaida hazichangamani: orodha ya wachoraji waliodhalilishwa hadharani na Wanazi, na orodha ya wanachama waaminifu wa chama cha Wanazi hao hao. Kwa zaidi ya nusu karne orodha ya kwanza ilisomwa kwa sauti na ya pili ikafungiwa kabatini, hata jina lake likawa karibu sawa na neno mhanga. Mjadala ufuatao umepangwa kwa sauti tatu. Mwanahistoria hushinda na barua na majalada. Mchoraji huutazama ukuta kwanza, kibandiko cha maelezo baadaye. Msimamizi wa makumbusho ndiye ambaye, maneno yakiisha, hulazimika kuamua picha itundikwe au ishushwe. Watatu hao hawakukubaliana tangu mwanzo, na msomaji asitarajie wapatanishwe mwishoni.

Mchoraji: Haifai kuanza na chama, kwa maana chama kilimkuta Nolde akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 60 na sehemu kubwa ya kazi yake ikiwa imekamilika. Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1867 kwa jina la Hans Emil Hansen, mtoto wa mkulima, katika kijiji cha Nolde, kwenye nchi tambarare ya Schleswig, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Prussia na ambayo upande wake wa kaskazini umekuwa wa Denmark tangu 1920. Hakulelewa na vyuo vya sanaa. Alijifunza kuchonga mbao katika karakana ya samani mjini Flensburg, akafundisha uchoraji wa mapambo huko St. Gallen, Uswisi, na fedha zilizomwezesha kuacha ualimu alizipata kwa kadi za posta zilizoionyesha milima ya Alps ikiwa na nyuso za wazee na majitu. Alipoomba nafasi katika chuo cha sanaa cha Munich hawakumtaka. Mwaka 1902, alipomwoa Ada Vilstrup, mwigizaji kutoka Denmark, aliliacha jina la ukoo akajiita kwa jina la kijiji chake.

Kilichomweka katika usasa, yaani lile wimbi la sanaa lililoacha kuiga kile jicho linachokiona na kutaka picha iwe na sheria zake yenyewe, ni rangi. Mwaka 1906 vijana wa Dresden waliojiita Brücke, maana yake Daraja, walimwalika kwa barua ya Karl Schmidt-Rottluff, wakivutiwa na kile walichokiona kuwa dhoruba ya rangi. Alikaa nao mwaka mmoja na ushei, kwani hakuwa mtu wa makundi. Wachoraji wa namna yao ndio waliokuja kuitwa waekspreshonisti, kwa kuwa kwao umbo na rangi hupindwa makusudi ili kilichomo moyoni kimfikie mtazamaji kabla hajajiuliza kitu gani kimechorwa.

Anayetaka kujua kwa nini kazi hizi hazichuji, na azitazame rangi zake za maji kwa karibu. Nolde alitumia karatasi laini ya Kijapani inayofyonza maji kama kitambaa cha pamba. Aliilowesha, akaishushia brashi iliyojaa, na nyekundu ikatambaa kuelekea njano, buluu ikaingia ndani ya nyekundu, pakazaliwa zambarau ambayo haikuwamo katika kisahani chochote; rangi ilipenya mpaka ikaonekana upande wa nyuma. Mara nyingine ilipokauka ndipo alipochukua wino na kuutafuta uso wa mtu, au kingo za ua, ndani ya doa ambalo lilikuwa limejitengeneza lenyewe. Mkono ulioweza kuisubiri rangi kwa unyenyekevu wa namna hiyo ni vigumu kuufikiria ukiandika barua za chuki.

Mwanahistoria: Ni vigumu kuufikiria, lakini barua zipo, na mwandiko ni wa mkono ule ule. Mwaka 1910 Sezession ya Berlin, jumuiya ya wasanii waliojitenga na sanaa rasmi ya dola, iliukataa mchoro wake wa Pentekoste wa 1909 pamoja na kazi za wachoraji wengine vijana. Nolde aliandika barua ya mashambulizi dhidi ya rais wa jumuiya hiyo, Max Liebermann, mchoraji wa Kiyahudi aliyeheshimika kote Ujerumani; barua ikafika hadharani, na Nolde akafukuzwa uanachama. Hadi hapo ni ugomvi wa kawaida wa wazee na vijana. Hata hivyo, alipochapisha sehemu ya pili ya tawasifu yake mwaka 1934, akaiita Miaka ya Mapambano, ugomvi ule alikuwa ameusimulia upya kama vita vya Mjerumani mpweke dhidi ya Wayahudi waliodaiwa kuyashika masoko, magazeti na majumba ya sanaa.

Mchoraji: Mwaka 1934 kila mchapishaji wa Ujerumani alijua ni maneno gani yanayouzika. Mtu aliyekuwa akitafuta usalama wa kazi zake...

Mwanahistoria: Usalama hauhitaji kumchongea mwenzio. Mwaka 1933 Nolde alimwambia ofisa wa wizara ya propaganda kwamba Max Pechstein, mwenzake wa zamani wa Brücke, ni Myahudi. Pechstein hakuwa Myahudi. Alilazimika kuthibitisha ukoo wake kwa makaratasi, akamwomba Nolde aifute kauli yake, na Nolde hakuifuta. Mwaka huo huo Nolde alitunga mpango wa namna Wayahudi wangeondolewa Ujerumani. Mwezi Novemba alialikwa na Heinrich Himmler, mmoja wa viongozi wakuu wa Wanazi, kwenda Munich kuadhimisha miaka 10 ya jaribio la Hitler la kunyakua madaraka. Mwaka uliofuata, akiwa raia wa Denmark kwa sababu ya mpaka ule wa 1920, alijiunga na chama cha Wanazi cha Wajerumani wa Schleswig ya Kaskazini. Hakuna aliyemshika shati.

Hapa Mchoraji ananyamaza, na ukimya wake usichukuliwe kuwa ni kushindwa. Hoja yake haikuwa kwamba Nolde alikuwa mwema. Ilikuwa kwamba wema na ubora wa picha havipimwi kwa ratili moja. Msimamizi ndiye anayeurudisha mjadala ukutani.

Msimamizi: Picha zenyewe ziliwasumbua Wanazi kuliko mwenyewe. Mitume wa Nolde katika Pentekoste na katika Karamu ya Mwisho, zote za 1909, wana nyuso pana, nzito, za manjano na nyekundu, zilizosongamana kama watu waliobanana kuzunguka taa moja, na mchoraji alisema wazi kwamba alitaka Yesu na wanafunzi wake waonekane kuwa Wayahudi, kwa kuwa ndivyo walivyokuwa. Miaka michache baadaye alikamilisha Maisha ya Kristo, kazi ya turubai 9 zinazosimama pamoja kama madhabahu, kusulubiwa kukiwa katikati. Ni kazi hiyo iliyotundikwa mahali pa kuonekana sana tarehe 19 Julai 1937, yalipofunguliwa huko Munich maonyesho ya Entartete Kunst. Maneno hayo hutafsiriwa sanaa potovu, lakini kiini chake ni dhana iliyoazimwa kutoka elimu ya viumbe, kwamba sanaa, kama mbegu, inaweza kuharibika nasaba. Zaidi ya watu milioni 2 walipita hapo kutazama na kucheka. Michoro ya mafuta ya Nolde iliyotundikwa ilizidi 30, na kazi zake zilizotwaliwa kutoka makumbusho ya umma zilikuwa 1,052, idadi ambayo hakuna msanii mwingine aliyeifikia.

Mchoraji: Basi mhanga alikuwa mhanga.

Mwanahistoria: Waswahili wanasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, ingawa methali hiyo ni kali mno hapa na haitoshi. Nolde aliumizwa kweli, hilo halikanushiki. Lakini aliyafanya nini maumivu yake? Tarehe 2 Julai 1938 alimwandikia Joseph Goebbels, waziri wa propaganda, akilalamika kwamba ameonewa yeye ambaye ndiye aliyepigana na Wayahudi katika sanaa kabla ya wengine, na akaomba arudishiwe kazi zilizokuwa mali yake. Alirudishiwa. Mwaka 1942, akiwa amekwisha kufukuzwa katika Chemba ya Sanaa ya Dola, chombo cha serikali kilichosimamia wasanii, alisafiri hadi Vienna kutafuta msaada wa kiongozi mwingine wa chama, Baldur von Schirach. Hakuwahi kudai kwamba ukatili haufai. Alidai kwamba yeye amepigwa kwa makosa.

Ikumbukwe kwamba haikuwa dhahiri tangu mwanzo Nolde angeangukia upande gani, jambo linaloieleza imani yake kuliko ujinga unavyoieleza. Ndani ya chama chenyewe walikuwamo vijana walioamini kwamba uekspreshonisti ni sanaa halisi ya Kijerumani, na Goebbels, kwa masimulizi ya Albert Speer, msanifu majengo wa Hitler, alikuwa na rangi za maji za Nolde katika makazi yake mpaka Hitler alipozichukia na zikaondolewa upesi. Nolde aliweka dau lake katika mchezo ambao kwa miaka kadhaa haukuwa na mshindi.

Msimamizi: Kabla ya kufika kwenye vita, kuna safari ambayo watazamaji wengi wa Ulaya hupita mbele yake haraka. Mwezi Oktoba 1913 Nolde na Ada waliondoka Berlin, wakapita Urusi na Siberia, Korea, Japani na China, hadi Guinea Mpya ya Kijerumani, wakiandamana na msafara wa madaktari uliotumwa na Ofisi ya Makoloni ya Dola. Ofisi hiyo ilianzishwa mwaka 1907, na ndiyo iliyokuwa na dhamana pia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambako vita vya Maji Maji vilikuwa vimetoka kuzimwa kwa moto na njaa. Kazi ya madaktari ilikuwa kuchunguza kwa nini watu wa visiwani wanapungua, swali ambalo halikuulizwa kwa huruma peke yake, kwa sababu mashamba ya minazi yalihitaji mikono. Nolde alilipa gharama zake mwenyewe, naye akachora watu: vichwa, nyuso, macho yanayomtazama mchoraji kwa wasiwasi usiofichika.

Na wasiwasi huo una sababu. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa akichora bastola iliyo tayari ilikuwa kando yake, na mkewe alisimama nyuma akimlinda kwa bastola nyingine. Mtu akizitazama picha zile akijua habari hiyo, hawezi tena kuziita picha za watu waliokaa wachorwe. Picha ni nzuri; macho yale yanaangalia pia silaha.

Mchoraji: Lakini Nolde huyo huyo aliandika kwa uchungu dhidi ya wakoloni, akisema wanaziangamiza jamii ambazo hawazielewi, na kabla ya safari alikuwa ameshinda katika makumbusho ya mila za watu huko Berlin akichora vinyago na sanamu ambazo wasomi wa wakati huo hawakuzipa hadhi ya sanaa.

Msimamizi: Aliandika, na ni kweli. Angalia basi alivyozitumia. Katika mchoro wa Mmisionari, wa 1912, mhubiri mwenye kinywa wazi amechorwa kwa kufuata sanamu ya mbao ya Korea ya kulinda njia, na mama aliyepiga magoti mbele yake akiwa na mtoto mgongoni ametoka katika sanamu ya Wayoruba wa Afrika Magharibi. Vitu viwili vilivyotengenezwa na watu wasiojuana, kila kimoja kwa kazi yake, vimelazimishwa kuigiza kisa cha Mzungu juu ya Wazungu. Inawezekana kabisa kwamba kisa hicho kinamkejeli mmisionari. Bado fundi wa Kiyoruba hakuulizwa. Nolde aliwapenda watu wa mbali wakikaa mbali, kila taifa katika damu yake na udongo wake, na mtu mwenye imani ya namna hiyo anaweza kumlaani mkoloni asubuhi na kumlaani Myahudi jioni bila kuona kwamba amejipinga.

Hoja hii ya Msimamizi, kwa tathmini ya makala hii, ndiyo yenye uzito kuliko zote zilizotangulia, kwa sababu inaondoa fumbo lililowashughulisha waandishi wengi la Nolde wawili, mmoja mpole na mmoja mkali. Alikuwa mmoja. Huruma yake kwa visiwa na chuki yake mjini Berlin zilichota kisima kimoja.

Linabaki suala la Picha Zisizochorwa. Ndivyo zinavyoitwa rangi ndogo za maji zaidi ya 1,300, nyingi zikiwa na ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa au zaidi kidogo, ambazo Nolde alizihesabu kuwa mbegu za michoro ya mafuta atakayoichora siku njema zikirudi. Kwa miongo mingi zilisimuliwa hivi: mwaka 1941 mzee huyo alipigwa marufuku kuchora, naye, katika nyumba yake ya Seebüll karibu na mpaka wa Denmark, akachora kwa siri katika chumba kidogo, akitumia maji badala ya mafuta ili harufu isimfichue.

Mwanahistoria: Kisa kizuri, na kina tundu kila upande. Barua ya tarehe 23 Agosti 1941 ilimfukuza katika chemba na kumkataza kazi ya sanaa kama taaluma, yaani kuonyesha, kuuza na kuchapisha. Haikumkataza kushika brashi nyumbani kwake. Alikosa mgao wa vifaa, jambo linalouma, lakini kukosa mgao si sawa na kuviziwa na polisi. Zaidi ya hayo, baadhi ya karatasi hizo ndogo zilichorwa kabla ya marufuku yoyote. Na kilichomo ndani yake kina historia: katika miaka ya Unazi Biblia ilitoweka katika kazi ya Nolde, na mahali pa mitume wakaingia Waviking, wafalme wa kale na watu wa hekaya za Kaskazini. Ndugu Mchoraji angesema kwamba rangi haina chama. Huenda; mada, hata hivyo, zilihama.

Mchoraji: Zilihama mada, sio mkono. Wekeni karatasi ya 1931 na ya 1943 pamoja, bila tarehe, na mtu yeyote mwenye jicho atakiri kwamba zambarau ni ile ile.

Mwanahistoria: Hilo ndilo linalotisha.

Jinsi hekaya ilivyokua baada ya 1945 ni habari ya nchi nzima kuliko ya mzee mmoja. Kamati ya kuwachuja Wanazi ilimwachia mwaka 1946, ikiona kwamba kukataliwa kwa sanaa yake kulionyesha upinzani, ingawa kadi ya chama ilijulikana. Akapewa cheo cha profesa, na mwaka 1952 nishani ya Pour le Mérite. Akachora zaidi ya picha 100 za mafuta kutokana na zile karatasi ndogo. Akafa tarehe 13 Aprili 1956. Tawasifu yake ilipotoka upya, kurasa za chuki zilikuwa zimekatwa. Msomi Werner Haftmann, mmoja wa walioasisi maonyesho ya documenta mjini Kassel mwaka 1955, alichapisha kitabu juu ya Picha Zisizochorwa mwaka 1963 na kuifanya simulizi ya msanii aliyeteswa kuwa elimu rasmi. Miaka mingi baadaye ilifahamika kwamba Haftmann naye alikuwa mwanachama wa chama cha Wanazi tangu 1937. Kisha mwaka 1968 Siegfried Lenz alitoa riwaya ya Deutschstunde, maana yake Somo la Kijerumani, yenye mchoraji Max Ludwig Nansen anayekatazwa kuchora na polisi wa kijijini anayetii amri kupita kiasi. Nansen ni wa kubuni, lakini jina lake limekaribiana mno na Hansen wa kijiji cha Nolde, na vizazi vya wanafunzi walioisoma shuleni walitoka na sura ya Nolde ambayo Nolde hakuwa nayo. Taifa lililohitaji Mjerumani mwema lilikuwa limempata, tena akiwa na bustani ya maua.

Msimamizi: Bustani ipo hadi leo. Vijia vyake huko Seebüll vimepangwa kwa umbo la herufi A na E, za Ada na Emil, na wageni hupiga picha. Kwa haki ya wahusika, taasisi ya Nolde ya huko Seebüll yenyewe, chini ya mkurugenzi wake Christian Ring, ndiyo iliyowafungulia watafiti Bernhard Fulda na Aya Soika kumbukumbu zilizokuwa zimefungwa, na matokeo yake yakawa maonyesho ya mwaka 2019 katika jumba la Hamburger Bahnhof mjini Berlin, yaliyomwita Nolde hekaya ya Kijerumani. Si kila mrithi anayekubali kuufungua mwenyewe mlango wa ghala. Katika maonyesho hayo barua na picha zilikaa chumba kimoja, na huo ndio utaratibu pekee unaofaa: mtu asome, atazame, asome tena.

Mchoraji: Atakayesoma kwanza hataona chochote.

Msimamizi: Basi kibandiko kikae upande wa kulia, ambako wengi hufika baadaye. Hilo ni suala la misumari na nyundo, linawezekana.

Wakati maonyesho hayo yakiandaliwa, katika ofisi ya Chansela wa Ujerumani wa wakati huo, Angela Merkel, ilikuwamo michoro miwili ya Nolde: Bustani ya Maua ya 1915, na Brecher ya 1936, yaani Wimbi Linalovunjika, bahari ya giza yenye povu chini ya anga la rangi ya moto. Picha zilishushwa mwezi Aprili 2019, na hazikuombwa zirudi. Ilifikiriwa kutundika mahali pake kazi za Karl Schmidt-Rottluff, yule aliyemwandikia Nolde barua ya mwaliko mwaka 1906, mpaka barua zake za wakati wa Vita Kuu ya Kwanza zilipotajwa, nazo zikawa na maneno dhidi ya Wayahudi. Ukuta ukaachwa mweupe.

Mwanahistoria anauona ukuta huo kuwa jibu la uaminifu kwa ofisi ya dola, ambayo si makumbusho na haina mahali pa kubandika maelezo. Mchoraji anaona kwamba umemwondolea mtazamaji kazi ambayo alipaswa kuifanya mwenyewe. Msimamizi, ambaye amekuwa akiandika vipimo pembeni ya karatasi wakati wenzake wakisema, anauliza Wimbi lile la 1936 limewekwa wapi sasa, na kama chumba kina mwanga wa kaskazini.